Laini ya Darini

Tangu Jumanne nina hesabu nyuma ya pakiti ya unga:
kredi ya wiki, mia na themanini;
bando linalokwisha kabla sijafungua picha ya pampu
niliyotumiwa na mwenye nyumba wa Shela;
makato ya kutuma, makato ya kutoa,
na yale makato mengine yasiyo na jina,
kama panya: humwoni, ila mkate umeliwa.

Pale Mkunguni, mbele ya ngome,
Fumo amefungua mwavuli wa kampuni.
Ananiita fundi, ananiita mjomba,
ananiita kila jina isipokuwa langu.
"Namba haibadiliki, waja nayo kama ilivyo.
Dakika shilingi moja.
Utaokoa mia sita kwa mwezi, mjomba. Mia sita!"
Nikaiona kabisa, imekunjwa mara mbili,
imetulia mfukoni kama mgeni mwenye adabu.

Namba yangu imeandikwa kwa rangi nyeusi
ubavuni mwa matangi ishirini na saba ya mji huu:
FUNDI BUNU, PAMPU NA MABOMBA.
Ikiwa haibadiliki, basi nini kinanizuia?

Kuta.
Nyumba yetu ya Langoni ni ya matumbawe,
ukuta unene wake dhiraa nzima.
Babu aliijenga ili joto lisiingie, wala jicho la jirani;
hakuambiwa kitakuja kitu kitakachotaka kuingia
bila kubisha hodi.
Laini ya zamani huingia hivyo hivyo, sijui inapenya wapi.
Ile mpya niliiazima kwa shemeji, nikaijaribu siku mbili.
Ukumbini, hakuna.
Chumbani, hakuna.
Ngazini, kijiti kimoja, ukisimama kwa mguu mmoja.
Darini, vijiti vinne, vimejaa tele,
na mbu nao wamejaa tele.

Na kuna Maka.

Dada yangu yuko Siyu, peke yake tangu afiwe na mumewe.
Kila siku akishasali alfajiri, hunibipu.
Mlio mmoja: nimeamka.
Miwili: nimeamka, goti lauma.
Mitatu hajawahi, na maana yake sitaki kuijua.
Hatukukaa tukapatana; ilijitunga yenyewe,
mwaka ule sote wawili hatukuwa na kitu.
Miaka kumi na mmoja sasa, haijakatwa hata senti.
Kampuni hazijui kwamba tunazungumza.

Nikamuuliza Fumo, "Na kubipu ni kiasi gani?"
Akacheka mpaka mwavuli ukatikisika.
"Siku hizi nani anabipu, mjomba?"

Jana nimehama.
Laini ya zamani ilikataa kuniachia
mpaka nilipe kredi niliyokopa Ramadhani, shilingi thelathini na nane.
Nikalipa. Talaka ina gharama zake.
Kisha nikanunua chandarua, mia nne na hamsini,
na dawa ya mbu, mia kamili,
nikapandisha mkeka darini.
Mke wangu alinitazama nikipita na mto kwapani,
asiseme neno. Akafunga mlango wa ngazi, taratibu.

Nikalala chali, nikapiga hesabu bila kalamu.
Mia sita, toa chandarua, toa dawa, toa deni:
kumi na mbili.
Faida yote ya mwezi wa kwanza, shilingi kumi na mbili.
Lakini kumi na mbili ni dakika kumi na mbili,
na sauti ya Maka sijaisikia tangu Mfungo Tatu.

Alfajiri, mwadhini amemaliza, punda wa jirani hajaanza.
Simu ikalia kifuani.
Mmoja.
Nikangoja.
Wa pili.
"Goti," nikasema, peke yangu, ndani ya chandarua.

Nikampigia. Mara ya kwanza kwa miaka mingi, nikampigia.
Ikalia, ikalia, nikakohoa nisafishe koo.

Akakata.
Hapendi pesa zangu zipotee.